Sala Iliyobeba Siri ya Mtu

Wanawake wa maombi ya Jumatano walikuwa wakikutana sebuleni kwa Mama Duka, jioni, wakitoka makazini. Viti havikuwatosha, hivyo wengine walikaa chini. Viatu vilibaki mlangoni. Utaratibu wao ulikuwa kwamba kila mmoja anataja hitaji lake kwa kifupi, kisha wote wanafumba macho na kuomba kwa zamu, wakizunguka chumba. Aliyechelewa hapigi hodi wakati watu wamefumba macho. Anaingia polepole, anakaa karibu na mlango, naye anafumba ya kwake.

Kati yao alikuwepo mpiga pasi mmoja wa pale kwenye dobi kubwa linalofua mashuka ya hoteli. Walimwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Akiomba yeye, hata aliyekuja anasinzia anakaa wima.

"Leo Kengele atufungie maombi," Mama Duka alikuwa akisema kila wiki.

"Jamani, na wengine nao wafunge," Kengele alikuwa akijibu, huku tayari ameshaweka khanga yake vizuri.

Jumatano moja kando yake alikaa Sindano. Huyu walifanya naye kazi palepale dobi. Ndiye aliyekuwa akitia viraka mashuka yaliyochanika, na jina alilipata kwa kazi hiyo na kwa wembamba wake. Alikuwa ameolewa na fundi wa kuchomelea mageti, na miaka ilikuwa inakwenda bila mtoto. Ilipofika zamu ya Mama Duka, akamwombea kwa uchungu hasa.

"Bwana, lifungue tumbo la binti huyu! Kama kuna kosa alilitenda usichana wake, Baba, mfutie. Asiendelee kuitia aibu nyumba ya watu."

Kengele alihisi bega la Sindano likikakamaa kwenye bega lake.

Na Kengele alikuwa anajua. Sindano mwenyewe ndiye aliyemwambia, wakikunja mashuka, siku aliyokuja kazini macho yamevimba kwa sababu mama mkwe alikuwa amemwita gogo mbele ya wageni. Walikuwa wamekwenda kupima, mke na mume. Daktari akasema mke hana shida, shida iko kwa mume. Mume akamsihi mkewe asimwambie mtu, na zaidi ya wote asimwambie mama. Mke akakubali kuubeba mzigo ule yeye. "Nimekuambia wewe peke yako, dada," Sindano alisema siku ile. "Uniombee huko kwako."

Basi zamu ya Kengele ikafika, na sauti ikapanda.

"Baba, wewe huhitaji kuelezwa! Wapo wanaomsema dada yetu huyu, Bwana, na hawajui. Lakini mimi ninayejua, nasema mbele zako: si yeye! Kipimo kilisema si yeye. Mguse mume wake, Bwana. Shida iko kwa mume, mguse yeye leo!"

Akaendelea mpaka akafika mwisho wake. "Amina" iliyomjibu ilikuwa nyembamba, kama ya watu wawili watatu. Akafumbua macho.

Mlangoni alikuwa amekaa mama mkwe wa Sindano, mkoba mapajani. Hakuwa mtu wa maombi yale. Mama Duka ndiye aliyemwalika wiki hiyo, kwa nia njema, aje amwombee mkaza mwanawe. Mama yule hakumtazama Kengele. Alimtazama Sindano, akamtazama tena, kisha akainuka, akaanza kuvaa viatu. Kamba ya kiatu kimoja ilimsumbua. Akahangaika nayo pale, amejishikilia ukutani, na hakuna aliyeinuka kumsaidia. Akaondoka bila kuaga.

"Jamani, chai inapoa," alisema Mama Duka.

Sindano hakunywa chai.

*

Kesho yake kazini Kengele alifika mapema, akamngoja mwenzake kwenye meza ya kukunjia. Shuka la hoteli ni kubwa, halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwingine pembe mbili kule, mnalivuta likanyooka, mnasogeleana, mnakabidhiana pembe, mnarudi tena nyuma. Ukigombana na mwenzako utamkunjia uso, lakini shuka utalikunja naye tu.

"Mdogo wangu," Kengele alianza walipokaribiana.

"Shika pembe."

Wakarudi nyuma. Wakalivuta. Wakasogeleana.

"Sikukusudia. Mungu ananiona. Nilikuwa nimefumba macho, sikujua kama yupo."

"Shika pembe, dada."

Shuka likaisha, likaja lingine. Mvuke wa pasi kubwa ulikuwa umejaa chumba kizima, na wenzao walikuwa wakicheka jambo lao upande wa mashine. Kengele akaona Sindano amevaa blauzi ya jana.

"Shemeji amesemaje?"

Hapo Sindano akasimama, shuka limening'inia katikati yao.

"Mama yake alimfuata jana hiyohiyo. Niliporudi nyumbani, mume wangu alikuwa ameshatoa godoro moja nje. Aliniambia, 'Umeniuza sebuleni kwa watu.' Basi. Analala karakana." Akalivuta shuka kwa nguvu mpaka Kengele akasogea hatua bila kupenda. "Tena si kwamba amekosea. Mimi kweli nilisema. Nilikuambia wewe."

"Sikukusudia, mdogo wangu."

"Najua hukukusudia! Umeshasema. Sasa hilo 'sikukusudia' nilifanye nini? Niliweke kitandani lilale mahali pa mume wangu?"

Msimamizi akachungulia kuuliza kuna nini. "Hakuna kitu," wakasema wote wawili kwa pamoja, wakaendelea kukunja.

Siku zilizofuata zikawa hivyo. Kengele alimwachia Sindano foronya, ambazo ni kazi nyepesi, na kujibebea mataulo yeye. Sindano akazirudisha foronya mezani kwake bila kusema. Kengele alimnunulia maandazi wakati wa mapumziko. Maandazi yakaliwa na watu wa mashine. Na kila alipopata nafasi alirudia neno lake lilelile, na kila aliporudia, Sindano alizidi kuwa mbali, kama mtu anayesukumwa.

Nyumbani nako hakukukalika. Kengele alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba msamaha wa dhambi alizozitenda kwa kujua na kwa kutojua, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Sala hiyo alikuwa ameisema maisha yake yote bila kuwa na kitu cha kuweka mahali pa "kutojua". Sasa anacho. Lakini akisema amina, anamwona yule mama anahangaika na kamba ya kiatu. Alipokuwa peke yake chumbani alianza kuomba kwa kunong'ona, na bado sauti yake ilimtisha.

Kisha Mama Duka akamfuata mpaka kwake, amejaa huruma.

"Nimewaambia akina mama tujifunge mkanda kwa ajili ya huyu fundi wetu. Tumweke kwenye mnyororo wa maombi, kila nyumba ichukue siku yake. Wewe utaanza."

"Nyumba zote zimeshaambiwa?"

"Sasa wataombaje bila kuambiwa?"

"Mama, nakuomba," Kengele alisema, na machozi yakamtoka palepale. "Usimwombee mtu huyo. Niombee mimi ukitaka. Yeye mwache."

Mama Duka akaondoka amenuna. Njiani akamwambia mtu kwamba Kengele amerudi nyuma kiroho.

*

Kengele alimkuta mchungaji kanisani, juu ya ngazi, akibadilisha taa.

"Afadhali umekuja. Shikilia hapo chini, usiachie. Ngazi hii haina adabu."

Kengele akashika ngazi kwa mikono miwili. Ikawa rahisi kusema, kwa kuwa hakuwa akimwona uso, aliona soli za viatu tu.

"Mchungaji, dhambi ya kutojua, ni dhambi?"

"Anauliza nani? Mtu wa semina, au mtu mwenye jambo?"

"Mwenye jambo."

"Basi ni dhambi."

Kengele alitegemea kukanushiwa.

"Watu wa agano la kale waliitolea sadaka ya mnyama, kama nyingine zote," mchungaji aliendelea, huku akizungusha taa. "Hawakusema hii haihesabiki. Ukimkanyaga mtu mguu gizani, mguu wake hauumii nusu eti kwa sababu hukuona. Nipe hiyo nyingine, iko kwenye boksi."

Kengele akampa. Akamweleza yote, akiongea na zile soli.

"Nimesikia," mchungaji alisema. "Yaani, nilishasikia. Mnyororo wenu wa maombi ulifika mpaka kwangu." Akashuka ngazi, akajifuta vumbi. "Mungu amekusamehe, dada. Hilo lisikusumbue."

"Mbona halinitoki?"

"Kwa sababu uliyemkanyaga bado anachechemea, na wewe unamwona kila siku. Umekwenda kwa mume?"

"Kwa mume? Nitaanzia wapi, mchungaji? Jambo lenyewe ni la kiume."

"Ulipolisema lilikuwa la kiume pia," alisema mchungaji. Hakulisema kwa ukali. "Nenda. Na usiende na Mama Duka."

*

Karakana ya mageti ilikuwa uwanja wa wazi wenye bati upande mmoja. Vyuma vilikuwa vimeegeshwa kila mahali. Mafundi wanne walikuwa kazini, na Kengele alipoingia wote walinyanyua miwani yao ya giza kumtazama. Ikawa wazi kwamba habari ilishafika.

"Fundi! Umeletewa mwombezi!" mmoja akapaza sauti.

"Mwambie aanze na jenereta, nayo imegoma kuwaka!"

Wakacheka. Fundi, mume wa Sindano, hakucheka wala hakukasirika. Alizima kifaa chake, akakiweka chini, akamwelekeza Kengele kwa kidevu waende nyuma ya bati. Huko ndiko lilikokuwa godoro, limekunjwa na kufungwa kamba, na juu yake shati lililofuliwa vibaya.

"Karibu. Kiti hakuna."

"Nimekuja kukuomba msamaha, shemeji."

"Wa nini?"

"Wa... yale niliyoyasema."

"Yapi?" Alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kila mtu ananiambia yale, yale. Wengine wananiambia pole. Mimi sikuwepo. Wewe ndiye uliyesema. Sema na mimi nisikie."

"Shemeji, si ungeniacha tu..."

"Umekuja kuniomba nikusamehe kitu. Nionyeshe kitu chenyewe."

Kengele akatazama chini. Akaanza. Alisema kwamba wapo wanaomsema Sindano, na hawajui. Maneno yalikuwa mazito, kwa sababu hapakuwa na "Baba" wala "Bwana" wa kushikilia, hapakuwa na kupanda sauti, hapakuwa na watu wa kusema "ndiyo, Bwana". Ilikuwa mchana, na mwenye jambo amesimama mbele yake anajifuta masizi.

"Kisha nikasema, 'Lakini mimi ninayejua...'"

Akakwama. Alikuwa amelisikia lile neno. Siku ile alipolisema halikuwa limemfikia masikioni mwake mwenyewe. Leo lilimfikia lote, na lilikuwa limejaa utamu. Akakumbuka vizuri sana: Mama Duka alipokuwa akilia na tumbo la Sindano, yeye Kengele alikuwa amekaa juu ya siri kama mtu aliyekalia zawadi, akisubiri zamu yake.

"Endelea," alisema fundi.

"Nikasema kipimo kilisema si yeye. Nikasema shida iko kwako. Nikamwomba Mungu akuguse."

Fundi akatikisa kichwa polepole.

"Nani alikuambia?"

Palepale uongo mzuri ukamjia. Angeweza kusema alisikia kwa mtu wa zahanati, mtu asiyemjua jina. Sindano angekuwa hakusema kitu, godoro lingerudi nyumbani jioni hiyo. Uongo huo ulikuwa umekamilika, hauna pa kushikwa. Lakini alikuwa amekuja kwa dhambi moja ambayo tangu Jumatano alikuwa akiapa hakuikusudia, na hii angeikusudia tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Mke wako," alisema. "Aliniambia mimi peke yangu. Alikuwa analia. Aliniambia nimwombee kimya."

"Analia nini?"

"Alikuwa ameitwa gogo."

"Na nani?"

Kengele akafunga mdomo.

"Nimekuuliza, na nani?"

"Muulize mwenyewe, shemeji. Mimi nimeshasema ya watu vya kutosha."

Fundi akakaa juu ya godoro lake, likabonyea upande mmoja.

"Sina haja ya kuuliza," alisema. "Nilikuwepo. Siku anaitwa gogo nilikuwa mezani. Nilikuwa nakula." Akakisokota kile kitambaa. "Nikaendelea kula."

Upande wa pili wa bati mtu alianza tena kugonga chuma. Kengele hakujua abaki au aondoke.

"Mimi sina neno na wewe, shemeji," alisema fundi mwishowe. "Kama ni msamaha, chukua. Ila mwenye kuutoa hasa si mimi, ni mke wangu. Nenda."

Akaenda. Mafundi walisema kitu alipopita, hakukisikia. Alitegemea atatoka pale mwepesi, kama watu wanavyosimulia kwenye ushuhuda. Alitoka amebeba zaidi ya alichoingia nacho.

*

Asubuhi iliyofuata Sindano alikuwa kwenye kibenchi chake dirishani, shuka mapajani, anatafuta mahali pa kuanzia kiraka. Kengele akasimama mbele yake. Hakuwa na maandazi.

"Ukisema tena hukukusudia," Sindano alisema bila kuinua kichwa, "nitakuchoma na hii."

"Sisemi."

"Haya."

"Nimekuja kusema kwamba lile neno si kweli. Si kweli lote. Kwamba mama mkwe wako yupo, sikujua. Hilo ni kweli. Lakini hata asingekuwepo, kulikuwa na akina mama chumba kizima. Hao nilijua wapo. Mama Duka alipokuwa anakuombea vile, mimi nilijiona mkubwa. Nilijua wasilolijua. Nilitaka wajue kwamba najua. Nikalitia kwenye sala ili lionekane ni upendo. Kulikuwa na upendo ndani yake, mdogo wangu, naapa. Lakini ulikuwa umechanganyika na hicho kingine. Nacho sikukiombea msamaha mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nakificha nyuma ya kutojua."

Sindano akaacha kushona. Alitazama nje ya dirisha, ambako mashuka yalikuwa yameanikwa safu kwa safu, yakitingishika.

"Nilikusikia," alisema.

"Lini?"

"Siku ile. Bega langu lilikuwa kwenye bega lako, umesahau? Ulipofika pale 'mimi ninayejua', ulitetemeka. Kwa raha. Nilikusikia." Akageuka, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nikawa nasubiri uje uniambie hilo. Kila siku unakuja na foronya. Unakuja na maandazi. Unaniambia ulikuwa umefumba macho. Nikasema, kumbe huyu hata hajui alichonifanya. Nikimsamehe, nitakuwa nimemsamehe kitu gani?"

Kengele akachuchumaa, akashika ukingo wa kibenchi. Alilia bila sauti, jambo ambalo hakuna mtu pale dobi aliyewahi kuliona kwake. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa anapita na toroli akapunguza mwendo.

"Pita na toroli lako, wewe!" Sindano akamkemea. "Hujawahi kuona mtu?"

Toroli likapita.

"Amerudi," Sindano alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Jana. Alianzia kwa mama yake. Sijui walisemezana nini huko, hajaniambia na sijamuuliza. Alirudi na godoro kichwani, mchana, watu wote wanatazama. Hajaniomba radhi bado. Alikaa tu akaniangalia ninavyopika. Nadhani anatafuta pa kuanzia."

"Ashukuriwe Mungu."

"Usianze."

"Samahani."

"Na mimi nina langu la kumwambia. Nilimwahidi nisiseme, nikasema. Tumekosa wote nyumba ile, dada. Huwezi kulibeba lote wewe, hata ukitaka. Hapo napo kuna kujikweza." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Lako lile nimelipokea. Kukusamehe nataka. Nikikuambia imeshaisha nitakuwa nakudanganya, maana nikisikia sauti yako kule kwenye pasi, moyo bado unaruka."

"Nitanyamaza."

"Wewe? Kunyamaza?" Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile, mdomo wa Sindano ukaenda upande kidogo, kama mtu anayezuia kicheko. "Usiahidi vitu vikubwa."

"Basi nifanye nini, mdogo wangu?"

"Uniulize tena."

"Lini?"

"Kesho. Na keshokutwa, kama kesho nitakuwa sijaweza. Usiniulize mbele ya watu, na usiniulize kwenye maombi. Njoo hapa nilipo, uniulize mimi."

"Nitakuja."

"Haya, nenda, msimamizi anakutafuta kwa macho," Sindano alisema, akainamia kiraka chake.